Ndiyo Si Haya: Michezo ya Papo kwa Papo Isomwapo kwa Kiswahili

Jumatano ya tatu ya masomo yale, ghorofani juu ya baa moja ya London ya kusini, mwenzangu wa zoezi alivuta kiti, akakiweka nyuma ya changu, akaketi na kusema: "Dereva, nimekwambia mara ngapi usipite barabara hii?" Darasa likacheka. Jumatano ya pili nilikuwa bawabu. Ya kwanza nilikuwa mfagizi wa hospitali. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo niliyojichagulia, wala hakuna niidharauye. Ami yangu aliendesha teksi katika mji huu kwa miaka kumi na tisa, na kodi ya chumba changu cha kwanza ilitoka katika teksi hiyo. Lakini kanuni tuliyopewa siku ya kwanza ilikuwa ni kujibu "ndiyo, na…": likubali alilolileta mwenzio, kisha ongeza lako. Basi nikasema ndiyo. Nikashika usukani usiokuwapo, nikaomba radhi, nikageuza gari. Mwalimu akanisifu kuwa ni mchezaji mkarimu.

Usiku ule, ndani ya basi, sifa ile ilinikaa vibaya. Nilijiuliza swali ambalo ndilo chanzo cha makala haya: je, maigizo ya papo kwa papo, yaani mchezo usioandikwa ambao waigizaji huutunga huku wakiuigiza mbele ya watu, ni sanaa ya watu huru, au ni mazoezi ya utiifu yaliyopakwa kicheko? Swali hili si la darasa moja tu. Michezo hii imetoka jukwaani zamani. Siku hizi hufundishwa maofisini, vyuoni na katika mafunzo ya madaktari, na kila ifundishwapo kanuni ile ile hutangulia. Anayeambiwa aseme "ndiyo" ana haki ya kuuliza ndiyo hiyo inamfunga kwa jambo gani.

Nilivirudia vitabu viwili ambavyo kila mwalimu wa sanaa hii huviegemea, awe amevisoma au amevisikia tu: *Improvisation for the Theater* cha Viola Spolin, kilichotoka mwaka 1963, na *Impro* cha Keith Johnstone, cha mwaka 1979. Nilitaka kujua kama kanuni tuliyofundishwa imo humo kwa sura ile ile. Imo, lakini sura yake ni nyingine, na tofauti hiyo ndiyo inayonipa ujasiri wa kuandika.

Spolin alizaliwa Chicago mwaka 1906 katika familia ya Wayahudi waliotoka Urusi. Akiwa kijana alisomea uongozi wa michezo ya makundi kwa Neva Boyd katika Hull House, nyumba ya huduma za jamii iliyofunguliwa mwaka 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr katika mtaa wa wahamiaji maskini. Baadaye, katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, alifanya kazi katika mradi wa serikali wa kuwafundisha maigizo watu wa mitaa kama hiyo. Wanafunzi wake walikuwa watoto na watu wazima ambao hawakuwa na lugha moja, na wengi wao hawakuwa na sababu ya kumwamini mtu aliyesimama mbele ya darasa. Michezo yake ilizaliwa kutokana na hali hiyo. Katika mchezo wa kioo, wawili hutazamana, mmoja akitenda na mwingine akimwiga, mpaka mtazamaji asiweze kutambua nani anaongoza. Katika mchezo wa maneno yasiyo maana, mchezaji huuza bidhaa au hutoa hotuba kwa sauti tupu, na mwili ndio unaobeba maana. Kwa hiyo hazina hii, inayodhaniwa kuwa mali ya wachekeshaji wa Kimarekani wa televisheni, ilianza kama kifaa cha watu waliofika ugenini bila maneno. Msomaji aliyewahi kununua dawa ya mtoto katika duka la ugenini kwa ishara za mikono ameshaucheza mchezo wa Spolin bila kujua jina lake.

Adui mkubwa katika kitabu cha Spolin ni hali ya kuishi kwa kutegemea sifa na kuogopa lawama. Mtoto aliyezoea kutazama uso wa mkubwa kabla ya kutenda, anasema Spolin, hupoteza njia yake mwenyewe ya kukutana na ulimwengu. Dawa yake ni kumpa mchezaji kitu kimoja cha kukizingatia, kama vile uzito wa kamba ambayo haipo, ili akili ishughulike na kamba na isahau hakimu. Kwake, makubaliano yanayohitajika ni makubaliano ya kundi zima juu ya kanuni za mchezo. Hasemi kwamba mchezaji ameahidi kulibeba kila jambo analotwishwa na mwenzake.

Hata hivyo, naona ufa katika jengo lake. Spolin anamwondoa mwalimu mbele ya darasa, lakini anamweka pembeni, ambako huendelea kutoa maelekezo mchezo ukiwa unaendelea: ione kamba, mpe mwenzako nafasi. Sauti hiyo ni ya upole na yenye hekima, lakini bado ni sauti ya mwenye mamlaka, na kitabu hakiulizi ni nani aliyeileta kanuni ambayo wote wanaitii. Darasani kwetu hakuna aliyeniamuru niwe dereva. Mchezo wenyewe ndio "ulioniamuru", na kwa kuwa amri ilitoka mchezoni, hapakuwa na mtu wa kumwuliza.

Johnstone alitoka upande mwingine. Alifundisha shule Battersea, London, kwa watoto wa wafanyakazi ambao shule ilikuwa imeshawakatia tamaa, kisha akaingia Royal Court Theatre katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Wakati huo sheria ya Uingereza ilitaka kila mchezo wa jukwaani upelekwe kwanza kwa Lord Chamberlain, ofisa wa ikulu, ausome na kuupa kibali. Mchezo usioandikwa haukuweza kusomwa, na usioweza kusomwa haukuweza kupewa kibali. Johnstone na wenzake walionyesha kazi yao hadharani kwa jina la mafunzo na maonyesho ya darasa. Sheria ile ilifutwa mwaka 1968. Ni vyema kulikumbuka hili: katika mji huu huu ninamoishi, kuigiza bila andiko kuliwahi kuwa jambo la kukwepa mkono wa dola.

Johnstone ndiye aliyetupa msamiati wa kuleta, kupokea na kuzuia. Kila neno au tendo la mchezaji ni jambo analolileta. Mwenzake hulipokea, likakua, au hulizuia, likafa. Anaeleza kwamba wapo watu wapendao kusema ndiyo na wapo wapendao kusema hapana. Wa kwanza hulipwa kwa visa na mikasa, wa pili hulipwa kwa usalama. Ni maneno mazuri, na wengi huyanukuu. Mimi yananipa shida. Yanamchukulia mtu apendaye usalama kuwa ni mwoga anayejinyima maisha. Mhamiaji, kwa kawaida, ana visa na mikasa ya kumtosha. Usalama ndio alioufuata. Akisita kabla ya kusema ndiyo mbele ya ofisa, mwajiri au mwenye nyumba, hajanyimwa uhai wa moyo. Amejifunza kwamba ndiyo moja inaweza kumgharimu. Kitabu kinachotaka kutufundisha ujasiri kingefaa kitambue pia kwamba bei ya ujasiri si moja kwa wote.

Basi kanuni ya "ndiyo, na…" ilipataje sura ya utiifu? Nadhani jibu liko St. Louis, Marekani, mwaka 1957. Kundi la Compass, lililoanzishwa Chicago mwaka 1955 na David Shepherd pamoja na Paul Sills, mwana wa Spolin, lilikuwa na tawi huko. Theodore Flicker na Elaine May walikaa wakatafuta kwa nini baadhi ya maonyesho hufaulu na mengine hufa. Kanuni ya kwanza waliyoipata ilikuwa ya kukataza: usikane kilichokwisha semwa. Mwenzako akisema mko jangwani, mko jangwani. Hawakusema ulipende jangwa. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 2011, Tina Fey, aliyefunzwa na jukwaa la Second City la Chicago, alieneza kanuni hiyo kwa mamilioni ya wasomaji katika kitabu chake *Bossypants*, na hapo ya kwanza imekuwa ni kukubaliana. Fey mwenyewe ni mwangalifu: anaongeza kwamba katika maisha hatuwezi kukubaliana na kila mtu, na kwamba shabaha ni kukiheshimu alichokijenga mwenzako. Lakini maneno yenye tahadhari hayasafiri mbali kama kanuni yenyewe. Yaliyofika darasani kwetu ni "kubali".

Kutoka "usikane" hadi "kubali" ni hatua fupi kwa Kiingereza, kwa kuwa neno lao moja la kuitikia hufanya kazi zote. Kwa Kiswahili hatua hiyo ni ndefu, na hapa ndipo lugha yetu inapoweza kuisaidia sanaa hii, badala ya kuifuata nyuma kama mwanafunzi.

Tulitazame neno "ndiyo". Ni "ndi-" ya kusisitiza pamoja na "-yo" ya urejeshi: ndiyo hiyo, habari ni hiyo. Halielezi ninachotaka. Linathibitisha kilichosemwa. Ushahidi ni jibu letu kwa swali la kukanusha. Mtu akiniuliza, "Hukuja jana?" nami sikuja, Kiswahili kinaniruhusu niseme, "Ndiyo, sikuja." Neno langu linaliambia neno lake: umesema kweli. Watoto wetu waliokulia hapa hujibu, "Hapana, sikuja," kwa kuwa wanafikiri kwa utaratibu wa Kiingereza, na sisi wazazi tumeanza kuwaiga. Si kosa la kumchapa mtu, lakini kuna kitu kinachopotea: uwezo wa kukiri jambo bila kulipenda.

Kuridhia tuna maneno mengine. Ukiniambia tuondoke, nami nikakubali, nitasema "haya" au "sawa". Ukiniita, nitaitika "naam", na dada yangu ataitika "abee": hapo hatujakiri wala kuridhia lolote, tumesema tu kwamba tupo na tunasikia. Kwa hiyo Kiswahili kina maitikio matatu pale ambapo mwalimu wangu alikuwa na moja. "Naam" ni ya kuwapo. "Ndiyo" ni ya kukiri. "Haya" ni ya kuridhia. Maigizo ya papo kwa papo hayawezi kuishi bila mbili za kwanza. Mchezaji asiyeitika hayupo jukwaani. Mchezaji asiyekiri kilichosemwa anaivunja nyumba ambayo mwenzake ameanza kuijenga. Lakini ya tatu ni hiari, na lazima ibaki hivyo. Naweza kukiri kwamba mimi ni dereva bila kuridhia kwamba dereva ni mtu wa kuomba radhi.

Hapa Johnstone anarudi kunisaidia, na ni haki nimshukuru, maana sura yake juu ya hadhi ndiyo iliyo bora kuliko zote alizoandika. Anaonyesha kwamba hadhi mtu huitenda, hata kama cheo chake hakibadiliki. Mfalme anaweza kujitenda kuwa duni mbele ya mtumishi wake, na mtumishi akajitenda bwana. Hadhi ya wawili ni kama bembea ya ubao: mmoja akipanda, mwingine hushuka. Waigizaji waliokuwa wakizungumza kama mbao, anasema, walipata uhai pale tu alipowaambia kila mmoja ajiweke juu kidogo au chini kidogo ya mwenzake. Anaorodhesha hata alama za mwili: anayetuliza kichwa anaposema hupanda, anayejigusagusa uso hushuka.

Kwa Kiingereza mchezo huo unahitaji jicho kali, kwa kuwa lugha huificha bembea. Kwa Kiswahili bembea iko mlangoni. Hakuna namna ya kuingia jukwaani kwa Kiswahili cha heshima bila kuamua nani mkubwa: ama nitatoa shikamoo, ama nitaisubiri. Mtu angedhani kwamba hilo linaua mchezo, kwani hadhi imeshapangwa na desturi. Ukweli ni kinyume. Mwanamke akimwamkia mwenzake wa rika lake "Shikamoo, mama," na mwenzake akajibu, "Unanizeesha?" tayari bembea inayumba na hadhira inataka kujua kilichotokea kati yao. Mzee akimwamkia bosi wake kijana shikamoo, na kijana akaivuta marahaba yake taratibu huku akitazama simu, hakuna haja ya kueleza zaidi. Waliokaa mbele wameshachukia. Yule mwenzangu wa darasani, lau tungecheza kwa Kiswahili, angelazimika kuchagua: kaka, baba, mzee, au dereva tupu. Uchaguzi huo ungekuwa nusu ya mchezo, nami ningejua nimepewa nini.

Jumatano ya tisa nilipewa teksi tena. Abiria safari hii alikuwa mtu wa haraka, anakwenda uwanja wa ndege. "Dereva," alisema, "umechelewa tena." Nilituliza kichwa, nikamtazama katika kioo kisichokuwapo. "Ndiyo, nimechelewa," nikamwambia kwa Kiingereza chao, lakini moyoni kwa ndiyo yetu. "Na safari tatu zilizopita hujazilipa. Nimekuja tu kwa sababu mama yako ameniomba." Kimya kilipita. Kisha abiria wangu akazama taratibu kitini, akashusha sauti: "Amekwambia nini?" Hapo mchezo ukaanza, na ulikuwa mzuri, kwa kuwa sasa wote wawili tulikuwa na kitu cha kuficha. Sikuukana udereva. Uduni ndio niliouacha njiani, na hakuna aliyeona kwamba kanuni imevunjwa, kwa sababu haikuvunjwa.

Ni rahisi, kuanzia hapo, kudai kwamba sanaa hii ilikuwa yetu tangu zamani na kwamba Chicago na London zimetuuzia mali yetu wenyewe. Dai hilo hupendeza ugenini, lakini mhakiki hana budi kulipima. Kitendawili, kwa mfano, kinafundisha kuitikia kwa namna ambayo Spolin angeistaajabia. "Kitendawili!" "Tega!" Msikilizaji anamruhusu mwenzake amtege, kwa neno moja, bila kujua mtego ni upi. Akishindwa hutoa mji asioumiliki, na mwenzake huupokea mji huo kwa uso mkavu kana kwamba hati yake iko mkononi. Lakini jibu la kitendawili limeshawekwa na wahenga. Kinachobuniwa papo hapo ni mji tu. Kitendawili ni shule ya kupokea. Si shule ya kutunga.

Utani una mengi zaidi. Watani wa Tanzania huweza kulizuia jeneza njiani mpaka wapewe chochote, au kumwigiza marehemu mbele ya wafiwa, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Hapo utungaji ni wa papo kwa papo hasa, na ujasiri wake unazidi wa baa yoyote ya London. Lakini utani una jambo ambalo darasa langu halikuwa nalo: unajulikana nani ana leseni juu ya nani, na leseni hiyo ni ya pande mbili. Anayenitania leo nitamtania kesho, kwenye msiba wake. Wenzangu wa Jumatano walinipa udereva bila kunipa zamu ya kuwapa wao. Sidhani walikusudia ubaya. Walikuwa watani wasiojua kwamba utani hulipwa.

Mfano unaokaribia zaidi kulijibu swali langu unatoka Lubumbashi. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa huko, katika Zaire ya Mobutu, pamoja na kundi la waigizaji la Mufwankolo, lililojulikana kwa maigizo yake katika Kiswahili cha Shaba. Fabian alikuwa amesikia methali ikisemwa kwa Kifaransa, kwamba mamlaka huliwa yakiwa mazima, akawauliza waigizaji maana yake. Wangeweza kumpa maelezo. Badala yake waliamua kuitungia mchezo. Hawakuandika andiko. Walijadiliana, wakagawana nafasi, wakakubaliana juu ya mfuatano wa matukio, na maneno yenyewe kila mmoja akayatafuta katika mazoezi na katika uigizaji, mpaka mchezo ukapigwa picha za televisheni katika kijiji nje ya mji. Kitabu cha Fabian, *Power and Performance*, kilichotoka mwaka 1990, kinatupa maneno hayo kwa Kiswahili chao pamoja na tafsiri, na kwa hiyo tunaweza kusoma kitu ambacho kwa kawaida hupotea hewani: utungaji ukiwa unatungwa.

Ninapousoma mchezo ule naona ndiyo isiyo haya. Mgeni ameleta swali. Wamelipokea, na jibu wamelitoa kwa utaratibu wao. Dola imekataza mambo mengi yasisemwe. Hawakuikana, wala hawakuuweka mchezo wao ikulu. Waliuweka katika kijiji chenye mtawala wake, watu wake na ugomvi wake, na hadhira ikaachiwa kazi ya kufikiri. Kama vile Johnstone na wenzake chini ya Lord Chamberlain, walikuwa na faida ya kutokuwa na karatasi. Ila wao hawakuwa wakikwepa kibali cha vichekesho tu. Walikuwa wakizungumza juu ya ulaji wa mamlaka, kwa lugha ya sokoni, katika nchi ambayo mlaji mkuu alikuwa hai na picha yake iko ukutani. Sidhani mtu anaweza kusoma kitabu hicho kisha akasema kwamba kupokea ni kutii.

Nimeyachukua haya yote mpaka mahali padogo: ukumbi wa jumuiya ambamo kila Jumamosi asubuhi tunawafundisha watoto wetu Kiswahili. Wengi wao wanakielewa, wachache wanakisema. Sababu naijua, kwa kuwa nimekuwa sehemu yake. Mtoto hufungua kinywa, hukosea ngeli, na sisi wakubwa hucheka. Tunacheka kwa mapenzi, tunadhani. Yeye husikia lawama, na tangu siku hiyo hujibu kwa Kiingereza. Spolin aliiona sura hiyo ya mtoto anayesoma uso wa mkubwa, katika mtaa mwingine wa wahamiaji, karibu miaka mia iliyopita.

Mchezo tunaoupenda zaidi sasa ni ule ambao Johnstone anaufundisha wa kusimulia kisa kwa neno moja moja, kila mtu na neno lake. Kwa Kiingereza mchezo huo una maneno mengi matupu: viunganishi na vijineno ambavyo mchezaji huvitoa na kupumzika. Kwa Kiswahili kupumzika ni vigumu. Neno moja, "kilichomwangukia", lina kitu, wakati, tendo na mtu aliyepatwa. Na aliyeanza kwa kutaja "kikombe" amewafunga wote waliobaki: yeyote atakayekizungumzia kikombe hicho atakipokea kwa "ki-". Sarufi yenyewe imekuwa kanuni ya mchezo. Tunaiita upatanisho wa kisarufi, na sikuwahi kulifikiria neno hilo la kwanza mpaka nilipowatazama watoto wakilitenda: kila neno linalikiri lililotangulia, kisha linaongeza lake.

Wapo wazazi waliouliza, na wana haki ya kuuliza, kama kupokea kila kitu ni kupokea hata makosa, na kama lugha haitaharibika mikononi mwetu. Sikuwa na jibu zuri mpaka Jumamosi moja ya Novemba. Kulikuwa na binti wa miaka tisa ambaye kwa muhula mzima alikuwa ameitikia tu kwa kichwa. Siku hiyo aliingia katika duara. Mvulana wa kwanza akasema, "Kikombe." Zamu ikamfikia binti. Akavuta pumzi, akasema, "ilianguka." Nilimwona bibi mmoja nyuma ya ukumbi akifungua kinywa ili amsahihishe, au acheke, sijui. Lakini zamu haikuwa yake. Ilikuwa ya kaka mdogo wa yule mvulana, mwenye miaka saba, ambaye hakutazama uso wa mtu yeyote.

"Kikavunjika," akasema.

"Ki" ilikuwa imerudi mahali pake, na kisa kilikuwa kinaendelea. Duara lilipomzungukia binti kwa mara ya pili alitoa neno lake bila kungoja, na lilikuwa sahihi: "kikalia." Bibi yule alicheka sana, safari hii kwa sababu ya kikombe.